Namna ya kupanga mlo wa Tanga kwa ajili ya mafuta ya damu: chai, mbaazi na chungwa lenye utando wake

Muuza machungwa wa kona ya Ngamiani humenya chungwa kwa mzunguko mmoja wa kisu. Ganda la kijani hushuka kama utepe usiokatika, na tunda hubaki limevaa utando wake mweupe. Mteja hukata kikofia cha juu, hukamua, hufyonza maji yote, kisha hutupa ule weupe pamoja na makapi. Kinachotupwa ndicho ninachoanzia, kwa sababu hesperidini, ambayo ni polifenoli kuu ya chungwa, yaani mojawapo ya kampaundi za mimea zinazosifiwa kwa kulinda mishipa, imejaa zaidi kwenye utando huo na kwenye kuta za vipande kuliko kwenye maji matamu tunayoyafyonza. Anayeitaka hana budi kula vipande vizima vikiwa vimeshika utando kidogo, hata kama una uchungu wake.

Ninawaandikia watu waliotoka maabara na karatasi inayosema mafuta yamepanda, ambao kabla hawajafika nyumbani wamekwisha kupewa tiba tatu na majirani. Mjomba wangu alikuwa mmoja wao. Nilipokwenda kumjulia hali nilikuta mezani chupa ya vidonge aliyouziwa na mchuuzi, imeandikwa kwamba ni antioksidanti ya kusafisha mishipa.

"Shikamoo, mjomba. Hii umeinunua kwa kiasi gani?"

"Marahaba, mjomba," akanijibu, maana kwetu mjomba na mpwa huitana hivyo hivyo. "Elfu arobaini na tano. Kijana kasema mwezi mmoja tu, mishipa inang'aa."

Kwa fedha hizo angenunua mbaazi, vitunguu na majani ya chai ya mwezi mzima, akabakiwa na nauli ya kwenda Muheza kufuata machungwa. Yale tuliyoyapanga jioni ile, na tuliyoyarekebisha baadaye tulipoona kipi kinafuatika na kipi hakifuatiki, ndiyo ninayoyaeleza hapa pamoja na sababu zake.

Soma karatasi kabla ya kugusa sufuria

Kipimo cha mafuta ya damu hutoa namba nne: jumla ya kolesteroli, ambayo vitabu huiita lehemu, kisha LDL, HDL na trigliseridi. Chembe za LDL hubeba kolesteroli kuipeleka sehemu mbalimbali za mwili, nazo ndizo zinazohusika zaidi na kuziba kwa mishipa. HDL huirudisha kwenye ini. Trigliseridi ni mafuta ya akiba yanayosafiri katika damu, na hupanda upesi kwa sukari, wanga uliokobolewa na pombe. Kwa mtu mzima asiye na maradhi mengine, viwango vinavyotumika sana ni jumla iliyo chini ya 5.2 mmol/L, LDL iliyo chini ya 2.6 na trigliseridi zilizo chini ya 1.7. Aliyekwisha kupata shambulio la moyo au kiharusi hutakiwa kuishusha LDL zaidi ya hapo, angalau mpaka chini ya 1.8, na mara nyingi hilo haliwezekani bila dawa.

Angalia kizio kilichotumika. Baadhi ya maabara huandika kwa mg/dl, ambako LDL ya 2.6 husomeka 100 na trigliseridi za 1.7 husomeka 150. Nimewahi kumwona mama mmoja akitetemeka kwa sababu LDL yake ilikuwa 110 na ya jirani yake 4, kumbe yeye ndiye mwenye nafuu.

Namba iliyopanda ndiyo inayoamua kazi ianzie wapi. Trigliseridi zikiwa juu, anza na sukari ya chai, soda, mahamri na sahani ya wali iliyojaa mpaka ukingoni, na ongeza samaki wenye mafuta kama vibua na dagaa. LDL ikiwa juu, anza na tui, mafuta ya kukaangia na upungufu wa nyuzinyuzi. Ikiwa LDL imefika 4.9 au imezidi, usianze na mlo peke yake. Muone daktari, kwa kuwa kiwango hicho huweza kuwa cha kurithi, na watoto wako nao watahitaji kupimwa. Mjomba alikuwa na LDL ya 4.3 na trigliseridi 2.4, kwa hiyo alikuwa na kazi pande zote mbili.

Neno antioksidanti linaahidi zaidi ya linavyoweza

Polifenoli ni jamii ya maelfu ya kampaundi ambazo mimea hujitengenezea ili kujikinga na jua kali, wadudu na ukungu. Ndizo zinazoipa chai ukakasi wake, zambarau rangi yake na ganda la kunde wekundu wake. Ndani ya chupa ya maabara huzuia oksidisheni, yaani kuharibiwa kwa vitu na oksijeni, kwa nguvu kubwa; kitu chenye kazi hiyo ndicho kinachoitwa antioksidanti, na hapo ndipo hadithi ya kusafisha mishipa ilipopata miguu.

Hadithi yenyewe ina msingi. Chembe za LDL hupenya utando wa ndani wa ateri, na zikikawia humo mafuta yake huharibika kwa oksidisheni, kwa namna inayokaribiana na mafuta ya nazi yaliyosahauliwa kabatini mpaka yakavunda. Chembe nyeupe za damu huzimeza hizo zilizoharibika, hujaa mafuta, hurundikana, na ukuta wa mshipa huanza kuota uvimbe ambao siku ukipasuka damu huganda juu yake na njia huziba. Daniel Steinberg na wenzake nchini Marekani waliipa hoja hii umbo lake mashuhuri mwaka 1989, na wengi wakaona ni jambo lililo wazi kwamba kila kinachozuia oksidisheni kitazuia pia maradhi ya moyo.

Majaribio yaliwaumbua. Vitamini E, ambayo ni antioksidanti halisi, ilipewa watu katika jaribio kubwa la zaidi ya watu 9,000 lililochapishwa mwaka 2000, nayo haikupunguza shambulio la moyo wala kiharusi. Nchini Finland, wavuta sigara waliopewa vidonge vya beta-karotini walipata saratani ya mapafu kwa wingi zaidi kuliko wale ambao hawakupewa. Matokeo hayo yalitoka mwaka 1994. Polifenoli nazo zina tatizo lao: sehemu ndogo tu ya tunachomeza huingia kwenye damu, ini huibadilisha upesi, na kiasi kinachobaki ni kidogo mno kuweza kupigana na oksidisheni ya mwili mzima. Mwaka 2012 Wizara ya Kilimo ya Marekani iliiondoa kwenye tovuti yake orodha iliyokuwa ikivipanga vyakula kwa nguvu za antioksidanti, ikieleza kwamba namba zile zilikuwa zikitumiwa vibaya na wauzaji, ilhali hazionyeshi kinachotokea ndani ya mwili. Wachuuzi wetu hawajapata habari hiyo.

Je, tuziache? La, kwa sababu zina kazi nyingine. Polifenoli za chai, za kakao na za matunda husaidia utando wa ndani wa mishipa kutoa naitriki oksidi, gesi inayoulegeza mshipa ili damu ipite kwa urahisi. Sehemu kubwa isiyofyonzwa huteremka hadi utumbo mpana, ambako bakteria huivunja kuwa kampaundi ndogo zinazoingia mwilini baadaye. Na kuhusu LDL yenyewe kuna ushahidi mmoja mzuri: katika jaribio la Ulaya lililochapishwa mwaka 2006, wanaume 200 walipewa mililita 25 za mafuta ya zeituni kwa siku, na kadiri mafuta hayo yalivyokuwa na polifenoli nyingi ndivyo HDL ilivyopanda na LDL iliyooksidika ilivyopungua. Kwa uzito wangu mimi, hata hivyo, sababu kubwa ya kuzithamini ni kwamba haziji peke yake. Katika kunde, chungwa na kitunguu huja pamoja na nyuzinyuzi na potasiamu, na hukalia nafasi ya kitu kibaya zaidi kwenye sahani. Kidonge hakikalii nafasi ya kitu chochote. Mtu hukimeza, kisha akaendelea na chipsi zake.

Uholanzi, katika mji wa Zutphen, wazee wa kiume 805 walifuatiliwa na matokeo yakatolewa mwaka 1993: waliokuwa wakila flavonoidi nyingi, ambazo ni kundi mojawapo la polifenoli, walikufa kwa maradhi ya moyo kwa uchache zaidi. Vyanzo vyao vikuu vilikuwa chai, vitunguu na matufaha. Ukiitazama orodha hiyo ukiwa Tanga utacheka, kwa sababu chai inalimwa Usambara juu yetu, na matufaha huteremka kutoka Lushoto. Utafiti wa namna hiyo hauthibitishi kwamba chai ndiyo iliyowaokoa, lakini unaonyesha kwamba hatuna haja ya kuagiza tunda la mbali lenye jina gumu.

Chai, kwa utaratibu

Majani ya chai nyeusi yamekwisha kupitia oksidisheni kiwandani, na katekini zake nyingi zimegeuka kuwa kampaundi nyingine zinazoipa rangi nyekundu na ukakasi. Zote ni polifenoli, kwa hiyo asiyeipenda chai ya kijani asijilazimishe. Chemsha maji, weka kijiko kimoja cha chai cha majani kwa kila kikombe, funika birika, acha kwa dakika nne au tano, kisha chuja. Kuendelea kuyachemsha majani kwa robo saa huongeza ukali kuliko faida. Iliki, mdalasini na karafuu zinazotoka Amani zinaruhusiwa bila hofu; karafuu ina polifenoli nyingi kupindukia kwa uzito wake, lakini kwa kuwa tunatia punje mbili kwenye birika zima, ihesabu kama kiungo.

Kuhusu maziwa, jaribio dogo la mwaka 2007 lilionyesha kwamba yaliifuta athari ya chai ya kulegeza mishipa, na majaribio mengine hayakuafikiana nalo. Msimamo wangu ni kwamba vikombe vya rangi viwe vingi kuliko vya maziwa, bila kugombana na mtu juu ya kile kimoja cha asubuhi.

Ugomvi wenyewe uko kwenye sukari. Mtu anayekunywa vikombe vinne kwa siku, kila kimoja na vijiko vitatu, amekula vijiko kumi na viwili, ambavyo ni karibu gramu 48. Shirika la Afya Duniani linashauri sukari ya kuongezwa isizidi asilimia 10 ya nishati ya siku, yaani takriban gramu 50, na ikiwezekana nusu ya hapo. Chai peke yake imekwisha kukumaliza kabla hujagusa andazi. Punguza nusu kijiko kila juma, ulimi huzoea. Mjomba alifika kwenye kijiko kimoja baada ya mwezi, akaanza kulalamika kwamba chai ya kwa watu ni tamu mno.

Usitarajie makubwa kutoka kwenye birika lenyewe. Uchambuzi wa majaribio 14 ya chai ya kijani, uliochapishwa mwaka 2011, ulipata kwamba LDL ilishuka kwa wastani wa takriban 2.2 mg/dl, kiasi ambacho kwenye karatasi yako hutakiona. Na kuna tahadhari moja isiyohusu moyo: polifenoli za chai hushika madini ya chuma yaliyomo kwenye mboga na kunde, yakashindwa kufyonzwa. Mjamzito, msichana anayepata hedhi nyingi na mtu yeyote aliyeambiwa damu yake ni ndogo anywe chai saa moja au zaidi baada ya chakula. Chungwa, kinyume chake, likiliwa pamoja na chakula husaidia chuma kuingia kwa sababu ya vitamini C yake, kwa hiyo badilisha: chungwa mezani, chai baadaye.

Mbaazi bila kuzamishwa kwenye tui

Hapa ndipo penye faida kubwa kuliko zote, na ndipo mtu wa pwani anapojikwaa. Uchambuzi wa majaribio 26 uliotoka mwaka 2014 ulionyesha kwamba kula takriban gramu 130 za jamii ya kunde kwa siku, yaani kiasi kinachokaribia kikombe kimoja kilichopikwa, kulishusha LDL kwa wastani wa 0.17 mmol/L, ambayo ni kama asilimia 5. Kazi kubwa hufanywa na nyuzinyuzi zinazoyeyuka, ambazo hushika nyongo utumboni na kulilazimisha ini litumie kolesteroli kutengeneza nyongo nyingine. Polifenoli zilizo kwenye ganda la punje huongeza kidogo. Ndiyo maana kunde nyekundu, maharage mekundu na choroko zenye ganda zinapendeza kuliko zilizokobolewa.

Loweka usiku kucha, mwaga maji ya kulowekea ikiwa tumbo lako halivumilii gesi, ingawa sehemu ya polifenoli itakwenda nayo, kisha chemsha kwa maji mapya na usiyamwage hayo ya pili, maana ndiyo mchuzi wako. Halafu inakuja nazi. Uchambuzi wa mwaka 2020 uliolinganisha mafuta ya nazi na mafuta ya mimea yasiyo ya kitropiki ulikuta kwamba mafuta ya nazi yaliipandisha LDL kwa takriban 10 mg/dl. HDL ilipanda pia, na wauzaji wa mafuta ya nazi husimulia nusu hiyo tu. Ukipika mbaazi kwa tui zito la nazi mbili, umelipa kwa mkono wa kulia na kunyang'anya kwa wa kushoto.

Sijawahi kumshauri mtu wa Tanga aache nazi, angenifukuza. Ninamshauri atenganishe matui. Ikune nazi moja, tia maji kidogo ya vuguvugu, kamua kwenye kifumbu, na tui hilo la kwanza, ambalo wazee huliita kasimile, liweke pembeni kwenye bakuli. Baada ya muda utaona mafuta yamepanda juu kama malai, na hapo utajua unazungumzia nini. Rudisha machicha, tia vikombe viwili vya maji, kamua tena, na mara ya tatu pia. Pikia tui la pili na la tatu, kisha mwishoni, moto ukiwa umepungua, malizia kwa vijiko viwili au vitatu vya lile la kwanza. Harufu ya nazi itabaki na mafuta mengi yatakuwa bado kwenye bakuli. Bakuli hilo lisije likarudi mlango wa nyuma kwenye wali wa jioni. Kwa mjomba lilirudi, mpaka mama yake mkubwa alipoanza kulipeleka kwa wajukuu.

Siku nyingine unga kwa karanga zilizosagwa pamoja na ngozi yake nyekundu, kwa kuwa polifenoli nyingi za karanga ziko kwenye ngozi hiyo ambayo tumezoea kuipepeta. Karanga, lozi na jamii yake zina rekodi nzuri: majaribio 25 yaliyojumlishwa pamoja mwaka 2010, ambamo watu walikula wastani wa gramu 67 kwa siku, yalionyesha LDL ikishuka kwa asilimia 7.4. Konzi moja bila chumvi inatosha kuanzia. Aliyenenepa apunguze wali ili kuipa nafasi.

Kitunguu maji chekundu kimebeba polifenoli iitwayo kwesetini, nayo imejaa zaidi kwenye matabaka ya nje. Tazama mikono yako unapomenya: wengi tunavua ganda kavu pamoja na tabaka mbili nzima zenye rangi ya zambarau. Vua ganda peke yake. Kwesetini huvumilia moto lakini hukimbilia kwenye maji, kwa hiyo kitunguu cha mchuzi hakipotezi kitu, na kitunguu cha kachumbari hakipaswi kuoshwa kwa chumvi na kukamuliwa mara tatu mpaka kikawa cheupe. Hali ni hiyo hiyo kwa mchicha na matembele yanayochemshwa kisha maji yakamwagwa mtaroni.

Mafuta ya kukaangia na kahawa ya baraza

Ikiwa unaogopa oksidisheni, iogope kwanza ile iliyo kwenye karai. Mafuta yaliyokaangia chipsi na bajia tangu jana, yakawa meusi, yakatoa povu na moshi mapema, yamekwisha kuoksidika, na hakuna kikombe cha chai kitakachoyarudisha. Nyumbani tumia alizeti au ufuta kwa kiasi kidogo, yachuje yakipoa, na usiyatumie tena yakianza kubadilika rangi na harufu. Zeituni ni nzuri ukiwa na uwezo. Huhitaji kuikopea fedha.

Kahawa inataka maelezo marefu kidogo, kwa sababu ni chungu, ina polifenoli nyingi, na watu hudhani mambo hayo mawili yanaifanya dawa. Mwaka 1983 watafiti wa Tromsø nchini Norway walionyesha kwamba wanywaji wa kahawa nyingi walikuwa na kolesteroli ya juu, na baadaye ikajulikana kwamba tatizo ni kahawa ya kuchemshwa isiyochujwa. Mafuta ya buni yana kampaundi mbili, kafestoli na kaweoli, zinazoipandisha LDL, na chujio la karatasi huzikamata karibu zote. Kahawa yetu ya birika, inayochemka juu ya makaa tangu magharibi, ni ya kundi hilo la kuchemshwa. Kikombe chake ni kidogo, na anayekunywa viwili pale barazani pamoja na kipande cha kashata hana la kuhofia kwa upande wa kahawa, ingawa kashata ina sukari yake. Anayekunywa nane au kumi kila usiku huku LDL yake iko juu, apunguze, au kwa ile ya nyumbani apitishe kwenye karatasi ya kuchujia. Kitambaa kizito kisafi nacho hupunguza. Chicha zilizotuama chini ziache chini, usitikise birika.

Vinywaji vyekundu na vyeusi

Rozela, ambayo wengine huiita choya, imepimwa kwa presha zaidi kuliko kwa mafuta. Katika jaribio la Marekani lililochapishwa mwaka 2010, watu 65 wenye presha ya juu kidogo walikunywa vikombe vitatu kwa siku kwa majuma sita, na ile namba ya juu ya presha ikashuka kwa takriban 7 kwa waliokunywa. Hayo ni matokeo ya kuheshimiwa, mradi isigeuzwe sharubati yenye sukari nusu kilo. Ukwaju na ubuyu vina sharti hilo hilo. Zambarau ziliwe ukizikuta msimuni.

Mvinyo sitaupa zaidi ya sentensi mbili. Resveratroli, polifenoli iliyoufanya mvinyo mwekundu usifiwe sana, ilipimwa kwenye mikojo ya wazee wa Chianti nchini Italia, na matokeo ya mwaka 2014 yalionyesha kwamba wenye nyingi hawakuishi zaidi wala hawakuugua moyo kidogo zaidi, kwa hiyo asiyekunywa hana alichokikosa.

Dawa na matunda yasiyopatana

Kwa mtu anayetumia statini, yaani dawa za kushusha kolesteroli, hasa simvastatini au atovastatini, balungi ni tunda la kuepuka, kwa sababu huzuia kimeng'enya cha utumbo kinachoivunja dawa, ikapanda kwenye damu na kuweza kudhuru misuli. Danzi lina kampaundi za namna hiyo pia. Chungwa tamu la kawaida halina tatizo hilo. Nifedipini na felodipini, ambazo ni dawa za presha, nazo hazipatani na balungi. Anayetumia wafarini, dawa ya kuzuia damu isigande, asibadilishe ghafla kiasi cha mboga za majani, bali ale kiasi kinacholingana kila juma na kumjulisha daktari.

Vidonge vyenye dondoo ya chai ya kijani si chai. Mamlaka ya usalama wa chakula ya Ulaya ilieleza mwaka 2018 kwamba kiasi cha miligramu 800 au zaidi kwa siku za katekini yake kuu, kikitoka kwenye vidonge, huweza kuashiria kudhurika kwa ini. Dondoo za manjano nazo zimehusishwa na maradhi ya ini kwa baadhi ya watumiaji, jambo ambalo binzari ya kwenye mchuzi haijashutumiwa nalo. Na kwa vyovyote vile usiache statini kwa sababu umeanza kula mbaazi: dawa hiyo huishusha LDL kwa asilimia 30 hadi 50 au zaidi kulingana na aina na kipimo chake.

Kuyarundika, kisha kupima tena

Kitu kimoja kimoja hakionekani kwenye karatasi, kwa sababu LDL ya mtu yule yule hupanda na kushuka kwa asilimia kadhaa kati ya siku na siku. Yanapokusanywa pamoja ndipo huonekana. David Jenkins na wenzake wa Toronto walionyesha mwaka 2003 kwamba mlo uliounganisha soya, lozi, nyuzinyuzi zinazoyeyuka na steroli za mimea, kampaundi zinazofanana na kolesteroli, uliishusha LDL kwa karibu asilimia 29 katika majuma manne, lakini chakula hicho walipewa tayari. Watu walipoachiwa wajipikie nyumbani, katika jaribio la mwaka 2011, ilishuka kwa asilimia 13 hadi 14 baada ya miezi sita. Namba hii ya pili ndiyo ya kuiwekea matumaini.

Kwa hiyo jipangie majuma kumi au kumi na mawili, na andika kwenye daftari mambo manne tu kila usiku: kunde umekula au hukula, tui gani limetumika, vijiko vya sukari, na kama ulikula kitu cha karai la mtaani. Ukifululiza kuandika mambo kumi utaacha siku ya tano. Rudi maabara ile ile, saa zile zile, na kwa ajili ya trigliseridi usiwe umekula kwa saa tisa hadi kumi na mbili kama mara ya kwanza ulipima hivyo. Maji unaweza kunywa. Homa au ugonjwa mkali wa karibuni huzivuruga namba, basi ahirisha.

Mjomba alirudi na LDL ya 3.7 na trigliseridi 1.6. Daktari, akizingatia umri wake na presha anayotibiwa, alimwanzishia statini vilevile, akamwambia aendelee na mlo wake, na akamtaka alete chupa zote alizo nazo nyumbani. Alizipeleka ndani ya mfuko mmoja, ile ya elfu arobaini na tano ikiwa juu, ikiwa bado na vidonge nusu, na daktari alipoigeuza kutafuta orodha ya vilivyomo hakukuta chochote kilichoandikwa.